Fonia ya Nakivale na Mtoto wa Marthe

Watu wa Nakivale wakimtaja Appolinaire Mihigo, kwanza hucheka, kisha humsifu. Hucheka kwa sababu ya mdomo wake: ukimsalimia ukiwa na haraka, basi haraka yako imekwisha hapo hapo. Humsifu kwa sababu ya fonia. Kicheko hakikuwahi kumsumbua. Sifa ndizo zilizomla ndani kwa ndani, na wanaomsifu hawajui kwa nini.

Fonia ni jina la Wakongo kwa ile redio ya kusema na kusikia: unabonyeza, unasema, unaachia, unangoja jibu. Siku hizi kila kijana anatembea na simu mbili, moja ya kupiga na moja ya kuringia. Lakini mwaka elfu mbili na tatu milima ya Minembwe, kule Kivu ya Kusini, haikuwa na mnara wowote. Mkimbizi aliyetaka kujua kama mama yake bado yu hai alikuwa na njia mbili. Aende mwenyewe, apite katikati ya watu wenye bunduki, au aje kwa Appolinaire.

Chumba cha fonia kilikuwa ubavuni mwa kanisa, cha udongo, na juu yake waya mrefu ulikuwa umetandazwa kati ya mikaratusi miwili. Ndani mlikuwa na meza, redio, betri ya gari iliyokula umeme wa jua, na kiti kimoja cha Appolinaire. Wengine wote walikaa nje kwenye benchi. Mtu akiitwa, huingia, huvaa kaske masikioni, husema maneno yake huku analia au anacheka, hutoka. Kama hewa ni mbaya, Appolinaire husema mwenyewe kwa niaba yake, maana sikio lake lilikuwa limezoea ile sauti inayokuja na kuondoka. Na akisema hewa imefunga, basi imefunga. Nani angembishia? Hapakuwa na mwingine pale aliyejua kuangalia.

Redio yenyewe ilitoka Mbarara, kwa watu wa Klabu ya Redio ya Rwizi. Hao walikuwa wachache, walimu na mafundi na wastaafu, waliokutana kwenye ukumbi mmoja huko Nyamitanga, ng'ambo ya mto. Hawakuuza kitu wala hawakutafuta kura. Furaha yao yote ilikuwa kumpata mtu wa mbali hewani, wamjulie hali, kisha warudi klabuni kujisifu. Mwenyekiti wao, Injinia Katungi, mzee wa Kinyankore aliyestaafu posta, alilipatia kanisa ile redio kwa sharti kwamba mwenye kuitumia awe mwanachama. Ndivyo Appolinaire alivyoingia klabuni, mkimbizi peke yake kati yao.

Kila Jumamosi jioni Injinia Katungi alisoma habari za klabu hewani. Nani kampata nani, waya wa nani umepigwa na radi, nani kapata mjukuu. Na Desemba ikifika, kuanzia wiki ya Noeli mpaka Bonane, yaani mwaka mpya, walikuwa na shindano. Atakayempata mtu wa mbali kuliko wote anapewa mbuzi, na jina lake linasomwa kwenye habari.

Mbuzi ni mbuzi, lakini Appolinaire alitaka lile jambo la pili. Jina lake lilikuwa limezoea kusomwa penye foleni ya mahindi na maharagwe tu, tena likisomwa vibaya. Kusomwa hewani, likasikika Mbarara, likasikika Kampala, mbele ya watu wazima wenye nyumba zao na vitambulisho vyao! Alilitamani sana, na kutamani kwenyewe hakukuwa kosa.

Sasa Marthe. Marthe Mukarukundo alifika kambini mwaka huo huo akiwa na mimba na chungu kimoja. Mumewe alipotea njiani walipokimbia risasi karibu na Uvira. Watu walitawanyika, wakakusanyika, yeye hakuwemo. Marthe alijifungua binti mwezi wa tisa, na kwa sababu Appolinaire alikuwa mtu wa mlima uleule wa Minembwe, alimchukua kama kaka yake mkubwa. Alimwita yaya.

Mtoto hakuwa na jina. Kwa ukoo wa Marthe, jina hutoka kinywani mwa babu mzaa baba, na baba akikosekana na watu wake hawajulikani walipo, linatoka kinywani mwa babu mzaa mama. Mama wa mtoto hulisikia kwa masikio yake kutoka kinywa hicho hicho. Halitumwi kwa mtu. Mzee Rwakabuba, baba yake Marthe, alikuwa bado kule mlimani na ng'ombe wachache waliosalia. Kwa hiyo miezi yote ile watu walimwita mtoto Kadogo tu, kama wanavyoitwa watoto wote wanaongoja.

Na Noeli ilikuwa inakuja. Kanisani kwao, siku ya Noeli, kina mama waliojifungua mwaka huo husimama mbele, mchungaji humnyanyua kila mtoto juu na kulitangaza jina lake, kanisa zima linapiga vigelegele. Mtoto asiye na jina hanyanyuliwi. Marthe alikwisha kumshonea bintiye gauni jeupe kutoka kwenye kitambaa cha harusi yake mwenyewe.

Wiki moja kabla, Baudouin, mwenye fonia wa Minembwe, alileta ujumbe. Mzee Rwakabuba ni mgonjwa, hawezi kutembea, lakini amekubali. Vijana watambeba kwenye machela, wamfikishe kwenye fonia siku ya mkesha wa Noeli. Tuonane hewani saa nne asubuhi. Marthe alipoambiwa na Appolinaire, alipiga magoti palepale kwenye vumbi, akashukuru.

Siku ya mkesha benchi lilijaa. Majira ya Noeli fonia haikuwa na nafasi ya kupumua: huyu anataka kumtakia mama yake sikukuu njema, yule anataka kuuliza kama ndugu yake alioa kweli au ni uvumi. Marthe aliwahi, akakaa mwisho wa benchi, mtoto kifuani, gauni jeupe ndani ya mfuko. Appolinaire aliwahudumia watu upesi upesi ili saa nne imkute huru. Akawahi kiasi kwamba alibaki na muda kidogo mkononi.

Hapo ndipo alipozungusha kitufe. Alijiambia anasikiliza tu, aone hewa ya mbali ikoje. Na hewa ilikuwa ya ajabu asubuhi ile, nyeupe, haina mkwaruzo. Katikati ya ile nyeupe akasikia sauti ya mzungu mzee, inaita kwa Kiingereza, pole pole, kama mtu aliyekaa kibarazani. Anaita kutoka Nyuzilandi.

Appolinaire alijibu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza Mbarara, lakini kilitosha. Mzee yule akasema jina lake, akasema hali ya hewa, akasema kwao ni jioni na ametoka kukamua.

Kukamua! Laiti mzee yule angekuwa mwalimu, au mwenye duka, au seremala. Mambo yangekwisha kwa kusalimiana. Lakini ukimtajia ng'ombe mwana wa mfugaji wa Minembwe aliyekimbia mifugo yote ikachukuliwa mbele ya macho yake, umemfungulia mlango usiofungika. Appolinaire akauliza wangapi. Akajibiwa mia tatu. Akauliza rangi zao. Weusi na weupe. Pembe? Hawana pembe. Akauliza wanaitwaje, na mzee wa Nyuzilandi akacheka, akasema hawaitwi, wana namba masikioni. Appolinaire alishtuka kwelikweli. Mia tatu, na hakuna hata mmoja mwenye jina! Akaanza kumweleza jinsi baba yake alivyomwita kila ng'ombe na kumsifu jioni wakirudi zizini, na mzee yule naye, mpweke huko aliko, akasema endelea, endelea.

Saa ya ukutani aliiona. Hili ndilo alilolibeba miaka yote baadaye, kwamba aliiona. Ilipofika saa nne alijiambia, kidogo tu, nimalizie, Baudouin huwa anachelewa kuwasha. Ilipopita saa nne alijiambia ataomba radhi. Nje, Marthe alimsikia akiongea Kiingereza kwa nguvu, na kwa kuwa hakujua Kiingereza, alidhani yaya anamtafutia njia kwa wakubwa wa hewa. Akambembeleza mtoto, akangoja.

Appolinaire aliporudi kwenye masafa ya Minembwe, hakukuwa na mtu. Aliita Baudouin. Akaita tena. Betri nayo ilikuwa imelegea kwa maongezi yale marefu. Baudouin alikuwa na desturi ya kuzima redio akishakosa jibu, maana mafuta ya jenereta yake yalipatikana kwa shida. Appolinaire aliweka kipaza sauti mezani.

Alitoka nje. Marthe alisimama.

"Yaya, basema nini? Baba alifika?"

"Hewa imefunga, Marthe," Appolinaire akasema. "Niko naita, niko naita, hakuna mutu anaitika. Leo hewa iko mubaya kabisa."

Marthe akaketi tena, taratibu, akaanza kulia bila sauti, machozi yanamdondokea mtoto usoni. Watu wa benchi wakamwambia pole, wakamwambia Appolinaire pole pia kwa kazi. Aliitikia. Hebu fikiri, aliitikia pole yao.

Mchana betri ilipopata nguvu alirudi kuita, akampata Baudouin mara moja. Baudouin alikuwa amekasirika.

"We Nakivale, ulikuwa wapi? Muzee bamemubeba toka jana, bamelala mu njia. Nimekuita mpaka koo imekauka! Hewa iko safi, nasikia Uvira, nasikia Bukavu, ni wewe tu hauko!"

"Na jina?" Appolinaire akauliza.

"Jina amerudi nayo. Nilimuambia aniachie, nitafikisha. Akakatala. Anasema jina ya mutoto haipite mu kinywa ya mutu mwingine. Bamesharudi naye. Anasema atakuja tena Bonane, kama Mungu anapenda."

Appolinaire alizima redio. Angeweza kutoka akasema: Marthe, baba yako alifika, nami sikuwepo, tungoje Bonane. Maneno hayo si mengi, na yeye alikuwa na maneno siku zote. Lakini mtu akisema baba alifika, ataulizwa kwa nini hamkusikilizana, na pale nje walikuwepo watu waliomsikia akicheka na mzungu. Aibu ilimshika. Na Marthe alikuwa amerudi, yuko mlangoni, macho mekundu, anauliza kama hewa imefunguka, maana mchungaji anataka jina kabla ya jioni.

"Nimemupata Baudouin," akasema. "Baba yako alikuja. Hewa ilitukatalia kusikilizana, lakini ameacha jina kwa Baudouin."

Marthe alimkazia macho. "Ameacha jina?"

"Ameacha."

"Ni jina gani?"

Ndipo alipotambua kwamba hana jina. Akatafuta kichwani, akakuta moja tu la kizamani, zuri, ambalo ulimi wake uliweza kulitamka bila kukwama. Lilikuwa jina la mama yake mwenyewe, aliyefia Minembwe kabla ya vita.

"Mukeshimana," akasema.

Marthe alilirudia polepole, akiinama sikioni mwa mtoto. Kisha akasema asante, yaya, akaenda zake kwa mchungaji. Appolinaire alijiambia ni jambo la siku chache tu. Mzee atakuja Bonane, yeye Appolinaire atamweleza ukweli kwa faragha, atamwomba alikubali hilo hilo jina, na mambo yatakwisha kiume. Huo ndio ujinga wa mtu mwenye hofu.

Siku ya Noeli mchungaji alimnyanyua mtoto katika gauni jeupe, akatangaza, Mukeshimana, na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Appolinaire alikuwa safu ya nyuma. Alipiga makofi pamoja na wenzake, na kila kofi lilimuuma.

Mzee Rwakabuba alifariki kabla ya Bonane. Baudouin ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba safari ya machela ilimmaliza nguvu. Appolinaire alikwenda kwa Marthe akiwa na wazee wawili wa kanisa, kama inavyotakiwa, wakakaa kwanza, wakaomba, ndipo wakamwambia. Alilia sana. Alipoweza kusema, alimshika Appolinaire mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Yaya, wewe ulifanya yote. Mungu akulipe." Appolinaire alitoka nje akatapika nyuma ya nyumba. Watu wakasema, tazameni alivyo na huruma.

Jumamosi ya kwanza baada ya Bonane Injinia Katungi alisoma habari za klabu. Mshindi wa mwaka ni Appolinaire wa Nakivale, amempata mtu wa Nyuzilandi. Jina lilisomwa vizuri, herufi zote mahali pake. Appolinaire alilisikia peke yake ndani ya chumba cha udongo, kaske masikioni, na hakuna aliyeona uso wake. Mbuzi alipoletwa, alimkokota mwenyewe mpaka kwa Marthe, akasema ni zawadi ya mtoto.

Tangu hapo hakugusa tena masafa ya mbali. Klabu ilimuuliza, akasema betri imechoka. Watu waliendelea kuja, aliwahudumia vizuri kuliko zamani, na ikifika saa ya miadi ya mtu alikuwa ameshakaa kwenye kiti, ameita, anangoja. Sifa zake zikaongezeka.

Lakini kuna desturi moja aliyoisahau alipodanganya. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa jina la mtoto. Basi Marthe akawa Mama Mukeshimana. Mama Mukeshimana, habari za asubuhi. Mama Mukeshimana, nipe chumvi. Na mtoto alipoanza kutembea: Mukeshimana, toka kwenye matope! Mukeshimana, mbuzi anakula nguo! Nyumba zao hazikuwa mbali. Kutwa nzima Appolinaire alisikia mama yake marehemu akiitwa na watu wasiomjua, akiwekwa kwenye familia isiyo yake, na jina la kweli la yule mtoto liko chini ya udongo wa Minembwe pamoja na babu yake. Palikuwa na asubuhi alizoziba masikio.

Alijaribu kulipia kwa mikono. Paa la Marthe likivuja, Appolinaire yuko juu ya paa. Msimu wa kupanda ukija, jembe lake linaanzia shambani kwa Marthe. Mtoto alipoanza shule, viatu alinunua yeye. Mkewe, Bénédicte, mwanamke mwenye akili zake, alimtazama kwa jicho la pembeni muda mrefu, akichunguza kama kuna kingine, akaona hakuna, akaacha. Na kila Noeli Marthe alileta sahani ya chakula iliyofunikwa kwa kitambaa, akisema, hii ni ya yaya wetu. Appolinaire alikula ile sahani kila mwaka. Angefanyaje? Aliila yote, na baada yake alikuwa hana raha mpaka Bonane.

Simu zilipofika mpaka milimani, benchi la fonia likabaki tupu. Appolinaire akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio, na Mukeshimana, aliyekuwa amerefuka, alipenda kukaa hapo akisikiliza idhaa za mbali. Alikuwa msichana wa maswali mengi. Siku moja aliuliza, "Papa Appolinaire, babu yangu alisema nini siku ile alinipa jina?" Appolinaire akasema hewa ilikuwa mbaya, hakusikia zaidi. Kisha akamtuma sokoni kununua risasi ya kuchomelea ambayo hakuihitaji.

Desemba ya mwaka elfu mbili na kumi na nne, Injinia Katungi alimpigia simu mwenyewe. Amezeeka, alisema, anataka kuwaona wote kabla ya Krismasi. Klabu inafanya sherehe Nyamitanga, njoo na nyumba yako. Appolinaire alitafuta udhuru. Bénédicte ndiye aliyemaliza maneno: yeye gari linamtapisha, lakini Mama Mukeshimana na mtoto hawajawahi kuiona hiyo klabu wanayosikia habari zake, awapeleke. Marthe alifurahi sana. Alivaa kitenge kipya.

Ukumbini mlikuwa na matoke, nyama na soda, na pembeni redio mpya iliyong'aa, vijana wa chuo wakiwasalimia watu wa Brazili na Japani. Mukeshimana alikwenda huko moja kwa moja. Injinia Katungi alisimama kwa fimbo yake, akasoma habari za klabu za mwaka, kisha akaweka karatasi chini akasema sasa anataka kukumbuka. Alisema Kiswahili kwa heshima ya wageni.

"Bassebo na banyabo, mabwana na mabibi, huyu mutu munaona hapa iko mukimbizi. Lakini kwa hewa hakuna mukimbizi! Mwaka ya elfu mbili na tatu, mukesha ya Krismasi, saa nne asubuhi, mimi niko nyumbani nasikiliza. Hewa ilikuwa wazi, wazi kabisa, mimi sijaona tena hewa kama ile. Nasikia Appolinaire na muzungu ya Nyuzilandi. Nikasema, watamaliza sasa hivi. Wapi! Nikakunywa chai, nikamaliza chai, bado wanaongea tu, wanacheka! Mupigie yeye makofi!"

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, mtu mmoja akapiga mluzi. Appolinaire hakumtazama mzee Katungi. Alimtazama Marthe, aliyekuwa amekaa kando yake na tabasamu la watu wa sherehe, mikono yake ikipiga makofi kama mikono mingine. Aliona makofi yanapungua. Aliona mikono inakaa mapajani. Tabasamu lilichelewa kidogo kuondoka, kisha nalo likaondoka.

Marthe alisimama akatoka nje. Appolinaire alimfuata. Uwanja wa nyuma ulitazama mtoni, na jua lilikuwa bado kali.

"Mama Mukeshimana," akaanza, kisha akaliacha jina hilo. "Marthe. Kuna na ingine. Ile jina pia, baba yako hakuacha. Ni mimi."

"Jina nilijuaka," Marthe akasema.

Appolinaire alimgeukia.

"Toka ile siku nilijua. Baba hakukuwa mutu wa kuachia mutu jina. Uliposema ameacha kwa Baudouin, nilijua ni wewe umetafuta. Na binamu yangu alipokuja, aliniambia vile bamemubeba, vile bameita, hakuna anaitika. Nikasema, ni ile hewa tu ilifunga."

"Sababu gani hukusema?"

"Niseme nini?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilifikiri hewa imefunga. Nilifikiri: huyu mutu amekosa njia, ameona mimi nalia, amehurumia mutoto wangu, amemutafutia jina ili asibaki chini siku ya Noeli. Hata ndugu yangu wa tumbo moja hangefanya vile. Miaka yote niko nakuombea. Mutoto akiniudhi, nikimuita, nakumbuka ile huruma, nafurahi."

Appolinaire alisema nisamehe. Alisema mara ya pili. Alitaka kueleza habari ya saa ya ukutani, na jinsi alivyojiambia kidogo tu, lakini kila neno lililokuja lilikuwa la kujitetea, akaliacha.

"Yaya," Marthe akasema, na akasita, akalimeza lile neno. "Appolinaire. Ile saa baba yangu alikuwa kwa machela, anangoja niseme karibu, wewe na ule muzungu muliongea nini?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema dawa, au msaada, au amani ya Kongo.

"Ng'ombe," akasema. "Alikuwa na ng'ombe mia tatu. Tuliongea juu ya ng'ombe."

Marthe alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Alijifunga kitenge vizuri, akarudi kuelekea ukumbini kumchukua mwanawe. Alipofika mlangoni alifungua kinywa amwite kwa jina, akakifunga. Akaingia ndani, akapita katikati ya watu mpaka kwenye ile redio, akamshika binti yake mkono.